Jezi Namba Tisa

Mama afuaye jezi za klabu ya raga, hapa Sydney, hukunja kila jezi namba ikitazama juu, kisha huipapasa kama anayelaza mtoto. Siku ya mechi kila mchezaji huipokea yake kutoka mkononi mwa mama huyo, si kwingine. Jumamosi mwanawe Semisi, aliyeshtakiwa kwa kumjeruhi mtu kwenye baa na kusimamishwa kucheza mpaka kesi iishe, alipanga foleni na wenzake.

"Mama, hakimu hajanitia hatiani."

"Hata mimi sijakutia. Ila huchezi. Njoo nyuma ya meza tugawe, jitu zima usinizibie njia!"

Wenzake wakacheka. Semisi akaja, akaipapasa namba tisa yake kama afanyavyo mama, akamkabidhi Lopeti, aliyechukua nafasi yake, aivae. Mama akaanzisha wimbo wa kanisani aimbao kila agawapo jezi, kwa sauti ya juu kuliko siku zote.