Mosasauri na Mgomba wa Kaka

Mwaka 2013 kaka yangu alikuwa akitega samaki mto Malagarasi, mamba akamchukua. Tulipata kofia tu. Kwetu Murungu, mwili usipopatikana tunazika mgomba badala yake, na wa kuukata ni ndugu wa tumbo moja. Nilibaki mimi peke yangu. Mgomba usipozikwa matanga hayaishi, na mama alikuwa bado analala chini, kwenye mkeka. Sikukata. Kila asubuhi nilishuka mtoni kupekua matete.

Mwalimu aliyepanga chumba kwetu, mwenyeji wa Tanga, alinikuta nikifunua kitabu chake cha picha. Nilikuwa nimesimama, siku hizo kukaa kulinishinda.

"Huyo ni mosasauri," alisema. "Ndugu yake kenge."

"Kenge mrefu kuliko basi? Yuko ziwa gani?"

Akacheka, kisha akakumbuka msiba, akajizuia. "Alikuwa wa baharini, kaka. Walikwisha kabla watu hawajakuwapo."

Nilimwomba anisomee jinsi mosasauri alivyowinda. Alivizia chini, kwenye giza la maji. Kisha mkia ulimsukuma ghafla, akamvaa samaki au kasa. Juu kwenye kaakaa alikuwa na meno mengine ya kuvutia windo kooni. Wengine aliwameza wazima.

"Anayemezwa, anamwona akija?"

Mwalimu aliupitia ukurasa kwa kidole. "Kitabu hakisemi."

"Na mamba, humeza mzima?"

"Mtu, hapana. Hurarua." Akainamisha macho. "Samahani, kaka. Umeniuliza."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya, lakini jibu lile lilinirudisha mtoni mbio. Anayerarua huacha kitu. Nilipekua hata ng'ambo, nikarudi na matope hadi magotini. Mama alikuwa pale pale mkekani.

"Ukiokota mkono, utaniletea?" aliuliza.

Nilianza kukwangua matope miguuni.

"Mgomba hauna mtu ndani, mwanangu, najua. Lakini mgongo unaniuma. Nataka kuinuka hapa."

Nikachukua panga. Shambani nilihangaika tena: mmoja mfupi, mwingine mnene mno. Mama alipaza sauti kutoka ndani, "Kata wowote!" Sikuweza kukata wowote. Nilisimama kando ya kila mgomba, nikaweka kiganja juu ya kichwa changu, kwa kuwa kaka alinizidi kimo kwa kiganja kimoja. Nilipopata uliolingana naye, niliukata.