Shetani Haina Kisu ya Kuchonga Mupira

Leo shetani amesingiziwa bure, na mimi niko shahidi!

Tulikuwa mu taksi, tunatoka Mumosho. Kwa mteremko, mupira ya mbele ikapasuka. Kidogo tu tuingie mu korongo.

Shofere akafanya alama ya musalaba: « Ni shetani! Hii mupira ni mupya! »

Mupya gani? Ilizeeka, ikaisha meno yote, halafu mutu akaichonga mistari na kisu na kuipakaa siraje, dawa nyeusi ya kungarisha, kama kiatu!

Maman mwenye alikuwa pembeni yangu akauliza: « Papa, shetani iko na kisu? »

Shofere akafunga mupira ya akiba. Nayo ilikuwa ya kuchongwa.

Tukasema « Mungu asifiwe », tukapanda tena wote.

Hata mimi. Munitukane tu.