Shanga Zilizomwagika Rulenge

Sokoni Rulenge, kwenye meza yangu ya shanga, tulikuwa wanne: mimi, mwanangu mgongoni, binti aliyetaka mkufu wa harusi yake, na mama mkimbizi aliyeniomba nimfundishe kutunga shanga. Nilimjibu kwa maringo, "Kazi hii inataka mikono, dada."

Binti akauvaa mkufu niliomtungia. Uzi ukakatika, shanga zikatapakaa vumbini.

"Mama yangu! Na harusi ni kesho!"

Mama mkimbizi akapiga magoti, akaziokota zote. Akachomoa uzi imara kwenye gunia lake tupu la mahindi ya mgao, akazitunga upya, kila shanga na fundo lake. Akanikabidhi mimi mkufu, akamwambia binti, "Fundi ni huyu. Mimi nimemshikia uzi tu."

Mikono ninayo kweli, ila haikujua mafundo. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kambini kwao, anifundishe.