Fundi Swamadi na Hamamu ya Mgeta

Kwa miaka thelathini na nne Abdulswamad alikuwa fundi bomba pale Kilakala, na choo kilichomshinda mjini Morogoro bado hakijajengwa. Watu walifupisha jina wakamwita Fundi Swamadi. Alikuwa mfupi, mnene wa tumbo, na alikuwa na tabia moja iliyomchosha sana mkewe, Hidaya: akiingia nyumba ya watu, hata ya msiba, hamalizi kutoa pole kabla hajauliza maji yanaingilia wapi na kutokea wapi.

Mwaka juzi binti yao alipata mume Unguja. Harusi ilipokwisha, mkwe akawatembeza wazee Mji Mkongwe, wakafika Hamamni, kwenye hamamu kubwa iliyojengwa na Sultani Barghash karne ya kumi na tisa ili watu wa mji wapate pa kuogea. Mama mmoja mtembeza wageni aliwaeleza jinsi maji yalivyoletwa kwa mfereji kutoka chemchemi nje ya mji, jinsi watu walivyokuja kuoga, kunyolewa na kupiga soga, na jinsi sakafu ilivyokuwa ikipashwa moto kutoka chini.

Fundi Swamadi akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Maji yalikatika lini?"

"Kama miaka mia sasa, baba."

"Miaka mia! Na fundi hajaitwa?"

Wageni wote walicheka. Yeye hakucheka. Alipiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa kwenye tundu chini ya ukuta, kisha mabega, kisha tumbo, na hapo biriani ya harusi ikamsaliti. Akanasa. Hidaya alishika mguu mmoja, mkwe mguu wa pili, wakamvuta huku watalii wakipiga picha. Alitoka na utando wa buibui kwenye ndevu.

"Nimeelewa," alisema. "Moshi ndio ulipita chini ya sakafu, ukatokea upande wa pili."

"Umetuaibisha mbele ya mkwe," akasema Hidaya.

"Mkwe naye amejifunza."

Aliporudi Morogoro alichora nyuma ya kadi za harusi wiki nzima. Tatizo likawa moja: mjini, kwa lile joto, nani atataka kukanyaga sakafu ya moto? Ndipo alipokumbuka kwao upande wa mama, juu huku Mgeta kwenye baridi, ambako ardhi ni ya ukoo na ukoo ni wa mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijiji hicho, kwa hiyo haya yaliyobaki niliyaona kwa macho. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba ukungu hauondoki mpaka adhuhuri. Maji ya mto yanauma kama siafu. Msimu huo kuoga ni suala la dhamiri ya mtu, na nawajua wanaume wazima waliokwenda kutoka sikukuu ya Petro na Paulo mwishoni mwa Juni hadi ya Kupalizwa Mbinguni katikati ya Agosti, kwa kunawa uso na miguu tu.

Fundi alipanda moja kwa moja hadi kwa Kasiani, mjomba wake, mzee wa ukoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Una shida?"

"Naomba kiwanja karibu na mto, nijenge nyumba ya kuogea watu wote."

Mzee akamtazama. "Kwani tunanuka?"

"Hapana, mjomba."

"Sema kweli. Mimi ni mjomba wako."

"Kidogo."

Mzee Kasiani alicheka mpaka akakohoa, akampa kiwanja chini ya kigango, kanisa letu dogo la kijiji.

Ujenzi ulichukua miezi minne. Mwashi wetu, Fidelis, maisha yake yote alikuwa amejenga nyumba za pembe nne, na fundi alitaka kuba. Kuba la kwanza lilianguka siku ya pili. Lilimkosa Fidelis kwa hatua mbili, likaua jogoo wa Mama Cecilia, mwenyekiti wa kwaya. Jogoo akalipwa kwa jogoo. Kuba la pili lilisimama, ingawa lilifanana na chungu kilichofunikwa kwa haraka. Juu yake walipachika vitako vya chupa za kijani, mwanga ukawa unaingia ndani kama uko chini ya majani ya mgomba.

Siku ya kwanza ya kujaribu moto, moshi ulitokea kila mahali isipokuwa kwenye dohani. Fundi akarefusha dohani. Siku ya pili moshi ulikwenda ulikotakiwa, na kwa heshima ya ukoo Mzee Kasiani akaingia kuoga wa kwanza, amejifunga shuka, anatembea taratibu kama askofu. Mlango ukafungwa.

"Yesu na Maria!"

Mlango ukafunguka, mzee akatoka anaruka mguu huu na huu, ngoma ambayo wenzake wa rika walisema hajaicheza tangu ujana.

"Mpwa wangu," alisema alipopata pumzi, "hapa unaogesha watu au unachoma mihogo?"

Ikabidi waongeze tabaka la matofali juu ya sakafu, na Fidelis akachonga jozi kumi na mbili za mitalawanda, vile viatu vya mbao vya zamani, ili mtu asikanyage moto kwa nyayo.

Hamamu ilifunguliwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Fundi aliandika mlangoni kwa chaki ratiba aliyosema ni ya kiustaarabu: wanawake asubuhi hadi saa sita, wanaume kuanzia saa sita. Saa mbili wanawake wakaingia, Mama Cecilia mbele, na ndoo, na mafuta, na watoto wachanga mgongoni. Saa sita sisi wanaume tulikuwa tumepanga foleni, taulo shingoni, manyunyu yanatushukia. Ndani walikuwa wanaimba sauti nne.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Gervas, katibu wa kijiji, ambaye alikuwa amekuja na sabuni mpya ndani ya karatasi yake, akaanza kutetemeka meno. Tukamsukuma fundi mbele.

"Hodi!"

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Cecilia.

"Mimi, fundi."

"Kuna bomba limeharibika?"

"Hapana, mabomba yote ni mazima."

"Basi fundi hahitajiki."

Walitoka saa kumi, nyuso zinang'aa, wakatuambia maji ya moto yamebaki kidogo, tugawane. Gervas alirudi nyumbani na sabuni yake ingali ndani ya karatasi.

Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Ndipo Gervas akaitisha kikao, kikakaliwa darasani kwangu, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya darasa la tatu.

"Ratiba inasema saa sita," alianza Gervas.

"Saa sita ipi?" aliuliza Mama Cecilia. "Ya mchana au ya usiku? Maana haikuandikwa."

Wanaume wakamgeukia fundi. Mzee Kasiani akauliza, "Mpwa wangu, kule kwa Sultani walipangaje?"

Fundi Swamadi alikuwa mtu mkweli. "Yule mama alieleza, mjomba. Lakini mimi nilikuwa ndani ya tundu."

Kicheko kilipotulia, Mama Cecilia akasimama. Alisimama wima, na hapo tu ndipo wengi wetu tulipogundua. Kwa miaka kumi na miwili tulimjua mama huyu akiwa ameinama, kwa sababu ya matenga ya kabichi aliyobeba mgongoni kutoka shambani hadi barabarani.

"Nalala kwenye ile sakafu," alisema, "mgongo unaachia. Wiki ya kwanza nililia, wenzangu wakadhani nimeungua. Sasa nyinyi mnaotaka saa sita, niambieni: kabichi za kijiji hiki zinashuka kwa migongo ya nani?"

Gervas alitazama dawati kwa makini kana kwamba kuna hesabu juu yake. Mkewe ndiye aliyemaliza kikao, bila kusimama: "Wanaume wana mikono. Wajenge yao."

Ikaafikiwa hivyo. Hadi yao itakapokamilika, siku zote zikawa za wanawake, na wanaume tulipewa Alhamisi alasiri tu, kwa sharti la kupasua kuni za wiki nzima. Hamamu ya wanaume ilianza Septemba na mpaka leo imefika kiunoni, kwa sababu kila mmoja ana maoni yake kuhusu kuba.

Fundi aliyapokea yote hayo kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Hidaya hakufurahi. Alikuwa amekaa Kilakala peke yake miezi mitano, simu zake zikijibiwa kwa habari za dohani. Mwishoni mwa Agosti akapanda mwenyewe kuja kumrudisha mumewe, amevaa sweta mbili, na maneno amekwisha kuyapanga tangu njiani, Mzumbe.

"Swamadi," alisema kabla hajatua mkoba, "fungasha."

"Sawa, mke wangu. Lakini umetoka safari. Nenda kaoge kwanza."

Mama Cecilia akamshika mkono, akamwingiza. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Fundi alifungasha kweli: spana, nguo zake, kadi zenye michoro. Akakaa juu ya jiwe na begi miguuni. Saa tisa alasiri Hidaya akatoka, kanga imefungwa vizuri kichwani, uso laini kama wa bi harusi. Alitazama begi, akamtazama mumewe.

"Hilo begi la nini?"

"Ulisema nifungashe."

"Fungua. Na uniulizie kama kuna chumba cha kupanga."

Walipata viwili, nyuma ya nyumba ya Fidelis. Hidaya akakabidhiwa zamu ya kusimamia hamamu kila Jumanne, na tangu hapo siku hiyo fundi anajipikia mwenyewe. Nilipomuuliza watarudi lini mjini, alinijibu kwa uhakika kabisa kwamba wanaondoka baridi ikiisha. Desemba, jua likiwaka vizuri tu, nilimkuta mtoni amekunja suruali, anachimbia bomba, na Hidaya kando yake anapanda njegere.