Mafuta Yaliyolazwa

Kwenye kinu cha alizeti pale Chang'ombe mimi nilikuwa mtu wa kubeba magunia na kuzoa mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Bosi alipotakiwa kutoa mfanyakazi mmoja aende mafunzo ya kusafisha mafuta, akanichagua mimi, maana fundi hawezi kuiacha mashine. Nilifurahi mpaka chakula kikanishinda. Mimi, wa darasa la saba!

Aliyetufundisha alikuwa dada mpole. Akasema mafuta yakitoka kinuni yalazwe kwenye pipa mpaka kesho yake, tope lizame, ndipo yachujwe. Akainua chupa mbili dirishani: moja ya ukungu, nyingine inang'aa kama asali. Hapo hapo kichwani nikaziona chupa zetu madukani, na mimi ndiye msimamizi. Bosi naye alishaniahidi kabla sijaondoka: "Wateja wakiyapenda hayo mafuta masafi, usimamizi wake ni wako."

Nikarudi kinuni na kofia ya nailoni tuliyopewa mafunzoni, iko kichwani.

"Profesa wa mashudu huyo!" fundi akapiga kelele. Nilicheka kuliko wote.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Mlali, kaja na alizeti yake ya msimu mzima. Kwetu mteja hukaa pale pale juu ya gunia, macho kwenye bomba, mpaka mafuta yake yaingie kwenye madumu yake yakiwa ya moto. Hilo nililijua tangu naanza kazi. Furaha ilinisahaulisha.

"Shikamoo mama. Leo tutayalaza, kesho uyakute masafi."

"Marahaba. Yalale wapi?"

"Humu, kwenye pipa."

"Na mimi nilale wapi?"

Tukacheka. Akakubali, nadhani kwa sababu nilimchekea vizuri. Akaenda kwa ndugu yake.

Kesho yake akainua dumu, akalitikisa, akalishika kwa kiganja.

"Ya baridi. Na yamepungua. Mwanangu, haya si yangu."

"Ni yako mama, kilichopungua ni tope. Njoo ulione."

Akachungulia ndani ya pipa. "Hilo nalo la nani?"

Machozi yakamtoka kimya kimya. Nyuma yake, waliokuwa kwenye foleni walishaanza kupakia magunia kwenye mkokoteni, waende kinu cha jirani.

Bosi akachukua madumu, mafuta yale akayaweka kando kwenye ndoo, akajaza mengine kutoka kwenye bomba. Ilikuwa alizeti ya bosi mwenyewe inayokamuliwa, si ya yule mama. Mama akagusa dumu, lilikuwa la moto. Akapumua. "Sasa haya ndiyo yangu."

"Hilo pipa liwe la maji," bosi akaniambia. Hakugomba. Angegomba ningejitetea.

Yale mafuta masafi tulikaangia maandazi ya chai, na yalikuwa matamu kweli. Kofia niliifua, nikaikunja.

Mama yule bado anakuja kila mavuno. Akifika humuuliza bosi kama nipo. Nikiwepo, hulishika gunia lake kwa mikono miwili.