Nilivyojengewa seva ya backup ya riwaya yangu, ikawa inalala kila usiku

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijayatia chumvi.

Niliisikia kabla sijaona chochote. Tik. Tik. Tik.

Nilikuwa nje kando ya dirisha langu naanika nguo, nikadhani mvua ya mawe inaanza kwenye mabati. Kumbe ni hard disk ya kompyuta yangu, inakufa na riwaya ya miaka mitatu tumboni.

Niliokoa sura kumi na moja kwa flash ya kuazima. Mbili zikaenda. Mhusika wangu mmoja alikufa mara mbili, kwanza kwa mkono wangu, kisha kwa ile disk.

Nikampigia shemeji Barasa, mume wa dada yangu, fundi wa kompyuta Bungoma. Akaja na disk mpya ya kompyuta yangu, na kompyuta nyingine, Pentium kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, iwe seva. Ndani yake akatia disk mbili za mitumba na mfumo wa Linux, akaiunga na kompyuta yangu kwa waya.

"Kila saa nane usiku itachukua nakala yenyewe. Wewe lala."

Nikalala, wakuu! Nikahamishia sura zangu kwenye disk mpya, nikarudisha flash ya watu. Mwezi mzima niliandika kama mtu mwenye ghala lililojaa mahindi.

Barasa aliporudi kunitembelea, akafungua folda ya nakala. Tupu.

"Shemeji, hii kitu unazima usiku?"

"Sijawahi kuigusa."

Mama Nekesa, mwenye plot ninayopanga, alikuwa anapita mlangoni. "Ni mimi huzima main switch saa nne. Stima iko ndani ya rent, na nyinyi mnataka kupika na coil mpaka asubuhi."

"Mama, hii si coil. Ni kompyuta."

"Ati kompyuta! Saa nane ya usiku inaandikia nani?"

Barasa alicheka mpaka akakaa chini. Kila mpangaji anaijua hiyo switch. Yeye hakuuliza, nami sikusema.

Akahamishia kazi saa saba mchana. Tukangoja. Taa ya seva ikaanza kumetameta, faili zikavuka.

"Sasa futa riwaya," akasema.

"Wee!"

"Futa, bana. Kama hairudi, nimekuletea meza tu ya kuwekea chai."

Nikafuta. Skrini ikabaki nyeupe, na mimi nikabaki bila neno hata moja la miaka mitatu. Barasa akanisogezea keyboard. "Irudishe mwenyewe."

Sura kumi na nne, pamoja na tatu za mwezi ule, zikarudi moja moja kama ng'ombe wanaojua boma lao.

Nilichojifunza: nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Na mwambie fundi stima ya kwenu huzimwa saa ngapi. Nyinyi mnahifadhi vipi kazi zenu? Andikeni hapa chini. Hata kunicheka ni ruhusa.

Siku ile nilianza kusoma sura ya kwanza palepale.

"Shemeji, nimeenda. Bungoma si hapa."

Sikuinua macho. Nilisikia tu mlango ukifungwa nyuma yake.