Nilimfukuza Béa kwa Sababu ya Mwanga Mwekundu

Sikurogwa, sikudanganywa, wala hakuna aliyenishika mkono. Nilikosa mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki cha kulia, mchana kweupe, Mama akiwa ameketi kando yangu. Padri nimeshamwambia, na moyo bado haujatulia. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Basi nawaambia ninyi.

Nina kibanda cha fotokopi hapa Manika, Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo. Mtaa tulimozaliwa haupo tena. Chini yake kulikuwa na shaba, wakaja watu wa mgodi na rangi nyekundu, wakachora msalaba kwenye ukuta wa kila nyumba ya kubomolewa. Kisha zikaja mashine. Mama akapewa kiwanja mbali huko, njia ya Mutshatsha, penye vumbi na majirani asiowajua. Tata, baba yetu, alikuwa amekwisha fariki, na namshukuru Mungu hakuyaona yale.

Mama aliacha kula vizuri. Akawa mtu wa kuzungukazunguka uani, anashika hiki anaacha, anauliza kabati lake la vikombe liko wapi.

Aliyemrudisha Mama ni Béa. Béa ni binti wa majirani wetu wa zamani. Ukuta wa ua wao ndio ulikuwa ukuta wa ua wetu. Asili yao ni Kasai. Babu yake ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini, lakini baba yake na yeye mwenyewe wamezaliwa hapa hapa Kolwezi. Sasa anaishi Lubumbashi, na kompyuta anaijua mpaka utumbo wake.

Kuna dunia ya kwenye kompyuta, sijui kama mnaifahamu, ambamo kila mtu ana kimtu chake anachokitembeza, na watu wanajenga nyumba na kutembeleana. Béa akaijenga humo nyumba yetu. Nyumba yetu yenyewe, jamani! Mlango wa kijani, baraza ya saruji, kabati la vikombe, hata ule ufa juu ya dirisha ambao Tata aliahidi kuuziba miaka yote. Kiwanja akakiandikisha kwa jina langu.

"Weye njo mukubwa, yaya," aliniandikia, maana yaya kwetu ni dada mkubwa. "Kiwanja ikuwe yako. Mi nitajenga tu."

Kwa hiyo ardhi ikawa yangu, na kuta, paa, viti, kila kitu kilichosimama juu yake kikawa chake. Likumbukeni hilo.

Kila Jumapili baada ya misa Mama alikuwa anapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwenye kibanda changu, amefunga pagne yake nzuri ya kitenge, anaketi mbele ya kioo cha kompyuta. "Piga hodi kwanza," ananiambia, "usiingie mu nyumba ya bantu kama mwizi." Nami napiga hodi kwenye nyumba yetu wenyewe! Béa anatufungulia kutoka huko Lubumbashi, anamsalimu Mama, wanacheka. Mama akarudia kula. Akarudia kulala.

Jumapili moja Béa alikivisha kimtu changu zawadi: kofia ya mgodini, yenye taa mbele, kama ile ya Tata. Kofia hiyo ina habari yake. Miaka ile ya refoulement, watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wanafukuzwa Katanga na kupakiwa kwenye treni kama magunia, baba yake Béa alimwachia Tata ufunguo wa nyumba. Tata akauficha ndani ya kofia yake ya kazi. Watu walimtisha, wakamwita msaliti, hakuutoa. Majirani waliporudi baada ya miaka, aliigeuza kofia mbele yao, ufunguo ukaanguka mezani.

Lakini Mama alipoiona kichwani pa kimtu changu alicheka. "Mwanamuke na casque mu salon?" Nikabonyeza kuificha. Ikatoweka machoni, nami nikaisahau.

Jumapili iliyofuata tukaingia, na ukutani juu ya kabati kulikuwa na doa la mwanga mwekundu.

Mama aliinuka kitini, akidhani ni ule msalaba wa watu wa mgodi. "Banarudia? Baliweka tena croix?"

Nikamwambia hapana, ni taa tu, nitaizima. Nikazima taa ya salon, ya sebuleni. Doa likabaki. Nikazima ya baraza, ya jikoni, ya uani. Likabaki! Nikaondoa televisheni. Nikabadilisha jua likawa la saa sita mchana. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Kila nilipoingia, wekundu ule ulikuwa umefika pamoja nami, mara ukutani, mara juu ya mlango, mara usoni pa picha ya Tata.

Jumapili tatu nilihangaika hivyo. Katikati ya juma nilikuwa nawaacha wateja wasimame na makaratasi yao, mimi niko ndani ya ile nyumba nanusa pembe zote kama mbwa. Mama akaanza tena kuzunguka. Alikuwa anakuja, anaona doa, anafunga macho, anaomba arudishwe nyumbani.

Ndipo shetani akanikalia begani. Nikajiuliza: nani ana funguo za vitu vyote vya humu? Nani anajua kuweka kitu kisichoonekana? Na yale maneno niliyoyasikia nikiwa mtoto juu ya watu wa Kasai, ambayo Tata alikataza yasisemwe kwake, yakarudi yote, mazima, kana kwamba yalikuwa yananingojea. Watu hawa wana akili nyingi. Watu hawa hawatosheki. Nawaambia kama yalivyokuja, nisijifanye mwema.

Jumapili ya tatu, Mama ameketi kando yangu, nikamwandikia Béa: umeweka nini ndani ya nyumba yetu?

Akajibu upesi. "Yaya, mi sikuweka kitu. Minaangalia kila siku. Kama hauko, nyumba iko bien. Ukiingia weye, njo ile mwangaza inakuya. Angalia kwako kwanza, yaya."

Huo ulikuwa msaada! Alikuwa ananionyesha mahali penyewe! Mimi nikasoma kwamba naitwa mchawi, mimi, mbele ya mama yangu. Damu ikapanda. Nikaandika, na Mungu anisamehe, kwa herufi kubwa: ONDOKA KWETU. RUDIA KWENU.

Kwao wapi, jamani? Kwao ni ule ukuta tuliokuwa tunauegemea pamoja tukila mahindi ya kuchoma!

Mwenye kiwanja anacho kitufe cha kumfukuza mtu. Nikakibonyeza. Chini yake kikatokea kingine, kinauliza kama nataka na vitu vyake vyote virudishwe kwake. Nikaona ndiyo dawa: kile alichokificha kitaondoka naye. Nikabonyeza ndiyo.

Nyumba ikaondoka.

Si kidogo kidogo kama siku ya mashine. Mara moja! Kuta, paa, mlango wa kijani, kabati, ufa, picha ya Tata. Pakabaki majani matupu, na kimtu changu kimesimama katikati peke yake. Na kwenye majani, miguuni pake, doa jekundu lilikuwa linawaka vile vile.

Nikageuka hatua moja, likageuka nami. Hapo nikaikumbuka kofia. Sikuwa nimeivua, nilikuwa nimeificha tu, na taa yake nyekundu ilikuwa inawaka siku zote, juu ya kichwa changu. Ilibaki kwa sababu Béa alikuwa amenipa iwe yangu.

Mama alikuwa bado anatazama kioo. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu juu ya pagne.

"Balibomoa tena," alisema. "Ni nani, mwana wangu? Ni bale ba mugodi?"

"Ni mimi, Mama."

Hakunigombeza. Alijifunga kitambaa chake kichwani, akaniomba nimwitie taxi-moto.

Nilimwandikia Béa siku hiyo hiyo, nikamwelezea yote, kofia, taa, ujinga wangu. Nikamwomba arudi ajenge tena. Kisha likaja jibu moja, na tangu hapo hakuna jingine.

"Baba yangu alirudia Kolwezi ju tata yako alimuchungia funguo. Weye, yaya, ulinichungia nini?"

Swali hilo naenda nalo kanisani, nalala nalo, naamka nalo!

Mama haji tena Jumapili. Mimi ndiye ninayemwendea, namkuta uani anazunguka, anashika ufagio anauacha. Kabati la vikombe haliulizi tena, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ninyi mnaonisoma, ukiona nyumbani mwako kuna kibaya kinachowaka na hujui kinatoka wapi, usianze kumtafuta mgeni. Toka wewe nje kwanza, umwombe aliyebaki ndani akuambie kama bado kinawaka. Akikujibu, mwamini.

Kiwanja bado kina jina langu. Ni changu chote, na hakuna hata ukuta mmoja.